SOMO LETU: Kukisia Mafuriko ya Tsunami Katika Pwani, na Yatupasayo Sisi Wenye Karafuu



Kukisia ni kazi ya mkulima wa karafuu. Akitazama mikarafuu ilivyozaa hukisia pishi zitakazochumwa. Akitazama mawingu hukisia kama karafuu alizoanika zitakauka leo au zitapata mvua. Katika somo la toleo hili twataka kueleza makisio ya namna nyingine, nayo ni makisio ya bahari: jinsi wataalamu wanavyopiga hesabu wapate kujua, tsunami ikitokea, maji yatapanda mpaka wapi katika pwani. Hesabu hizo huchorwa katika ramani zenye rangi, na ramani hizo hutumiwa kupangia mahali pa kujenga na njia za kukimbilia. Nia yetu ni kwamba mwanachama akiwekewa ramani ya namna hiyo mbele yake aweze kuisoma, na ajue la kuuliza kabla hajaitegemea.

Huenda mwanachama akasema: "Shamba langu liko juu ya kilima. Tsunami yanihusu nini?" Swali hilo ni la haki. Mkarafuu haupendi maji yaliyotuama, na wazee wetu waliupanda vilimani na kwenye miteremko. Huko bahari haifiki. Lakini karafuu yenyewe haikai kilimani. Ikisha kukauka hutiwa katika magunia ikateremshwa, na bandari zetu za Pemba, Wete na Mkoani, ziko ukingoni mwa maji. Wachumaji wengine hupiga dago karibu na pwani wakati wa mavuno. Maji yakipwa, wake zetu na binti zetu wako kwenye mwani na chaza, na vijana wako kwenye pweza. Mabonde yetu ya mpunga mengi yameshikana na hori za bahari. Basi mti waweza kuwa salama, na mali itokayo katika mti na watu wanaouhudumia wasiwe salama.

1. TSUNAMI NI MAJI YA NAMNA GANI

Neno tsunami ni la Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini. Si wimbi la upepo. Wimbi la upepo hutikisa maji ya juu tu. Mtu aliyezama chini sana halisikii. Tsunami husukuma maji yote, tangu juu mpaka chini. Mara nyingi chanzo chake ni tetemeko la ardhi chini ya bahari, pale sakafu ya bahari inapoinuka au kudidimia ghafula pamoja na maji yaliyo juu yake.

Katika bahari kuu wimbi hilo huwa dogo kwa kimo, pengine halifiki mita 1, lakini kutoka kilele kimoja hata kilele cha pili kwaweza kupita kilometa 100. Nahodha aliye huko hajui kwamba limempita. Likifika maji haba hupunguza mwendo, maji ya nyuma yakayasukuma ya mbele, likainuka. Kwa hivyo usilifikirie kama wimbi linalovunjika mwambani. Mara nyingi hufanana na maji kujaa, ila kujaa huku ni kwa dakika chache badala ya saa 6, tena kwa nguvu za mto uliofurika.

Mwendo wake haubahatishwi. Una kanuni ambayo hata mwanafunzi wa skuli aweza kuitumia. Chukua kina cha bahari kwa mita, kizidishe kwa 10, kisha tafuta kipeuo cha pili, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe italeta jumla hiyo. Jibu ni mwendo wa wimbi kwa mita katika sekunde moja. Mathalani, kina cha mita 4,000 mara 10 ni 40,000, na kipeuo chake ni 200. Mita 200 kwa sekunde ni sawa na kilometa 720 kwa saa, mwendo unaokaribia wa ndege kubwa ya abiria. Katika kina cha mita 40 mwendo ni mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa. Katika kina cha mita 10 ni kilometa 36 kwa saa, na hapo bado hakuna mtu awezaye kushindana nalo mbio.

Kimo nacho kina kanuni yake. Kina kikipungua mara 16, kimo cha wimbi huongezeka kiasi cha mara 2. Wimbi la nusu mita katika kina cha mita 4,000 litakuwa la mita 1 katika kina cha mita 250, na karibu mita 2 katika kina cha mita 16. Likisha kukaribia pwani zaidi ya hapo, umbo la ghuba, mwamba na mteremko wa nchi hubadili mambo, na kanuni nyepesi haitoshi tena. Hapo ndipo panapohitajiwa hesabu kubwa za kompyuta tutakazozieleza.

2. YALIYOTOKEA 26 DESEMBA 2004

Tetemeko la siku ile lilitokea karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, nguvu zake zikipimwa 9.1. Kwa saa zetu ilikuwa kiasi cha saa 10 alfajiri. Ardhi ilipasuka chini ya bahari kwa urefu uliopita kilometa 1,000, na watu zaidi ya 220,000 walipoteza maisha katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi.

Kutoka huko hadi kwetu ni kiasi cha kilometa 6,300. Mwanachama na achukue kalamu agawe 6,300 kwa 720. Atapata karibu saa 9. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa: maji yalianza kutaharuki katika pwani zetu mchana, kiasi cha saa 7, na kipimo cha maji cha bandari ya Zanzibar kikayaandika. Huko Somalia, ambako nguvu za wimbi zilielekea zaidi, walikufa karibu watu 300. Wataalamu waliokwenda kupima alama za maji katika pwani ya kaskazini ya Somalia mwaka 2005 waliona kwamba yalipanda mita 5 hadi 9. Kenya alikufa mtu 1. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakioga baharini.

Kwa nini kwetu maji hayakuvamia miji? Sababu ni zaidi ya moja, lakini moja kila mtu wa pwani ataielewa mara moja. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, na bahari ilikuwa ya bamvua. Kama mjuavyo, bamvua ya kwetu hujaa kabisa kiasi cha saa 10 alasiri. Wimbi lilipofika saa 7 maji yalikuwa hayajajaa. Lau lingechelewa saa 3 tu, lingeikuta bahari imefika kwenye alama yake ya juu, na habari zetu za siku ile zingekuwa nyingine. Tusijisifu, basi, kwa salama tuliyopewa na saa.

3. HESABU INAVYOFANYWA

Wataalamu hutengeneza kielelezo cha hesabu, yaani bahari ya namba ndani ya kompyuta, wakaipiga tetemeko la namba, wakatazama maji ya namba yaendako. Kazi hiyo ina sehemu 4.

Sehemu ya kwanza ni chanzo. Ni lazima waamue ardhi imepasuka wapi, kwa urefu gani, na sakafu ya bahari imeinuka kiasi gani. Nguvu za tetemeko peke yake hazitoshi. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko la nguvu 8.6 lilitokea tena katika bahari iliyo karibu na Sumatra, na tahadhari ikatolewa katika Bahari ya Hindi nzima. Lakini safari ile ardhi iliteleza ubavu kwa ubavu bila ya kuinuka sana, na wimbi likawa dogo. Uelekeo nao una maana. Wimbi hutoka na nguvu zaidi pande mbili zinazokabili urefu wa ufa. Ufa wa 2004 ulilala kutoka kusini kwenda kaskazini, hivyo makali yalikwenda mashariki na magharibi. Sisi tulio kusini-magharibi tukapata yaliyopungua. Ufa mwingine, uliolala vingine, waweza kutuelekea sisi. Wataalamu huangalia pia pwani ya Makran, huko Pakistan na Iran, ambako tetemeko la 28 Novemba 1945 lilizusha tsunami.

Sehemu ya pili ni kina cha bahari. Bahari hugawanywa katika viraka vya mraba, na kila kiraka hupewa kina chake. Aliyelima mpunga hataona ugumu hapa. Fikiri bonde lililogawanywa majaruba: maji yakizidi katika jaruba hili humwagikia lile lililo chini yake, na kutoka hilo kwenda jingine. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Kila baada ya sekunde chache huuliza kila kiraka kina maji kiasi gani, na yaende upande upi, kwa kasi gani. Katika bahari kuu kiraka chaweza kuwa na upande wa karibu kilometa 2, yaani zaidi ya eka 800, wala pasiwe na madhara, kwa kuwa wimbi ni refu mno. Karibu na pwani viraka hufanywa vidogo zaidi na zaidi. Kwetu jambo hili lina uzito wake: mkondo baina ya Pemba na Mrima una kina cha mamia ya mita, na ule wa Unguja ni wa makumi tu. Mwendo na kimo cha wimbi haviwezi kuwa sawa katika visiwa hivi viwili, ingawa ni jirani.

Sehemu ya tatu ni urefu wa nchi kavu, ili ijulikane maji yakisha kupita ufukwe yatakwenda wapi. Hapo hutiwa pia ugumu wa njia: mchanga mtupu huyaachia maji, mikoko na nyumba huyazuia kidogo. Mikoko hupunguza kasi, na ni vyema tuitunze, lakini si ukuta. Wimbi kubwa huing'oa.

Sehemu ya nne ni ukaguzi. Kielelezo hupewa tetemeko lililokwisha kutokea, kama la 2004, kisha majibu yake hulinganishwa na vipimo vya bandarini na alama za maji zilizopimwa kweli. Kikipata majibu yaliyo karibu na ukweli wa jana, ndipo hupewa tetemeko ambalo halijatokea.

4. MASWALI MATATU YA KUULIZA MBELE YA RAMANI

Ramani ikisha kuchorwa hupendeza macho. Bluu ni maji, kijani ni salama, na mstari uliokatwa baina yao ni mwembamba kama uzi. Mtu akiutazama huona kama kwamba bahari yenyewe imetia sahihi. La, sivyo. Ramani husema "ikiwa": ikiwa tetemeko ni hili, na ikiwa maji ya bahari ni haya, na ikiwa nchi ina urefu huu. Kwa hivyo yatupasa tuulize maswali matatu.

Swali la kwanza: ni tetemeko lipi? Kama ramani imechorwa kwa tetemeko la 2004 peke yake, itatuonyesha tu kwamba lililopita lilipita. Tuulize kama wamejaribu na makubwa zaidi, au yaliyolala kwa uelekeo mwingine.

Swali la pili: bahari ilikuwa imejaa au imepwa? Tutoe mfano. Tuseme ghala la karafuu liko pwani, na sakafu yake iko mita 1 juu ya alama ya bamvua. Bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Wimbi likija na kuongeza mita 1 na nusu juu ya maji yaliyopo, na bahari imepwa kabisa, maji yatakomea mita 2 na nusu chini ya alama ya bamvua, na mwenye ghala hatajua kitu. Wimbi lile lile likija maji yamejaa, litapita alama ya bamvua kwa mita 1 na nusu, na ndani ya ghala yatasimama maji ya nusu mita. Magunia yote ya chini yatalowa maji ya chumvi, na karafuu iliyolowa maji ya chumvi haina bei. Wimbi ni moja. Saa ndiyo iliyotofautiana. Hivyo ramani ya kupangia majengo sharti ichorwe kwa bahari iliyojaa.

Lakini hapa pana jambo ambalo ramani ya mafuriko haionyeshi. Wakati wa maji kupwa, ghala ni salama zaidi, na watu wako katika hatari zaidi; maana ndio wakati wanawake wako mbali kwenye mwani na vijana wako mwambani. Ramani hupima maji yaliyovuka ufukwe. Aliye nje ya ufukwe, mwendo wa nusu saa kutoka nchi kavu, hamo katika rangi yoyote. Yeye ndiye wa kwanza kufikiriwa.

Swali la tatu: urefu wa nchi umepimwa kwa chombo gani? Swali hili ndilo letu hasa, kwa sababu ya miti yetu. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa nchi kwa rada, na vipimo vyake vimetumiwa katika ramani nyingi za dunia nzima. Ni kazi kubwa na yenye manufaa. Ila vipimo vilivyotolewa kwa nchi nyingi vilikuwa vya viraka vya mita 90 kwa mita 90, ambavyo ni kiasi cha eka 2. Katika eka 2 za pwani ya Pemba mtu aweza kupata ukingo, njia, kibanda, minazi na mfereji. Vyote hupewa urefu mmoja.

Kubwa kuliko hilo, rada ile haikufika chini ya majani penye miti iliyofungamana. Ilipima miti badala ya ardhi. Pahali ambapo ardhi iko mita 3 juu ya bahari, na juu yake pana msitu wa mikoko au minazi, kipimo chaweza kusema mita 8 au 9. Mchora ramani akitumia namba hiyo bila ya kuisahihisha, atapaka kijani pahali ambapo maji yataingia. Kisiwa chenye miti mingi hujiona kirefu kuliko kilivyo.

Habari njema ni kwamba mwaka 2016 ilianza kazi ya kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, chini ya Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na washirika wake, kikiwamo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha hizo ni safi zaidi sana kuliko vipimo vya rada ya 2000. Hata hivyo, picha nayo haioni ardhi iliyofunikwa kabisa na majani. Katika pahali penye miti iliyofungamana hapana budi mtu ashuke apime kwa mkono, na anayejua pahali hapo pako wapi ni mwenye shamba.

5. UPANDE WA MAGHARIBI HAUJAFICHWA

Tumewasikia watu wakisema kwamba tsunami ikija itatoka mashariki, na kwa hivyo miji yetu iliyoko magharibi itakingwa na kisiwa. Kisiwa hukinga, lakini si kikamilifu, kwa sababu wimbi hujipinda. Mwaka 2004 maji yalizunguka kisiwa cha Sri Lanka yakapiga pwani ya magharibi, na yakafika Kerala iliyo upande wa magharibi wa India.

Mfano mwingine ni wa tarehe 12 Desemba 1992 katika kisiwa kidogo cha Babi, karibu na Flores, Indonesia. Kisiwa hicho ni cha mviringo, na wimbi lilitoka kaskazini. Vijiji viwili vilikuwa upande wa kusini, nyuma ya kisiwa. Wimbi liligawanyika pande mbili, likakizunguka kisiwa, na pande hizo zikakutana nyuma. Vijiji vyote viwili vikafagiliwa. Wahandisi wa baadaye walitengeneza kisiwa cha mfano katika bwawa la majaribio wakaona jambo lile lile likitokea. Hatusemi kwamba Pemba ni kama Babi; Pemba ni kubwa mno na umbo lake ni jingine. Twasema kwamba bandari za magharibi nazo ziingizwe katika hesabu, pamoja na hori zetu ndefu zinazoingia baina ya vilima, kwani maji yakibanwa katika njia nyembamba hupanda.

6. JE, JAMBO HILI LAWEZA KURUDI?

Watu wengi husema: "Tangu babu zetu halijatokea ila mara ile." Maisha ya mtu ni kipimo kifupi kwa bahari. Huko Pangani, ng'ambo yetu upande wa Mrima, watafiti wa Tanzania na wenzao wa nchi za nje walifukua tabaka la mchanga lenye mabaki ya makazi ya Waswahili wa kale pamoja na mifupa ya watu. Tabaka hilo lina umri wa kiasi cha miaka 1,000. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2020 walieleza kwamba sababu inayoelekea zaidi ni tsunami. Na hapo ndipo vielelezo vya hesabu vilipofanya kazi ya kurudi nyuma: walijaribu vyanzo mbalimbali katika kompyuta, wakaona kwamba kilichoelekea zaidi ni tetemeko kubwa mno la upande wa Sumatra na Andaman. Basi watu wa lugha yetu na pwani yetu walikwisha kupatwa, ila hakubaki wa kusimulia. Mchanga ndio uliosimulia.

Wenye karafuu tuna historia yetu pia. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu na minazi kwa wingi mno, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa mbele katika karafuu. Jambo la siku moja liligeuza biashara ya visiwa hivi kwa zaidi ya miaka 100. Jambo likiwa la nadra halina maana kwamba ni dogo.

7. YATUPASAYO

Kwanza, kila tawi lenye ghala au sakafu ya kuanikia karibu na bahari lipime urefu wake. Siku ya bamvua kubwa tia kigingi pale maji yalipokomea. Kisha mwite fundi na mpira wake wa maji, ule anaopimia msingi wa nyumba, apime sakafu iko juu ya kigingi kwa kiasi gani. Andikeni namba hiyo katika daftari la tawi. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na ramani yoyote itakayokuja itaweza kulinganishwa nayo.

Pili, magunia yasilale juu ya sakafu tupu. Yawekwe juu ya mbao zilizoinuliwa, na karafuu iliyokwisha kukauka isikawizwe pwani bila ya haja.

Tatu, dago la wachumaji lisiwekwe mdomoni mwa bonde. Siku ya kwanza ya mavuno msimamizi awaonyeshe wageni njia ya kupandia kilimani, kwa kuwa mgeni hajui njia za usiku.

Nne, tujue dalili. Tetemeko likisikika kwa nguvu au likadumu, au bahari ikapwa kwa wakati usio wake, au ikajaa kwa ghafula, au pakasikika mvumo usio wa kawaida, panda juu bila ya kungoja kuambiwa. Lakini tetemeko la Sumatra hatutalisikia. Kwa hilo tunategemea tahadhari. Mtandao wa tahadhari ya tsunami katika Bahari ya Hindi ulianzishwa baada ya 2004. Vituo vya Australia, India na Indonesia hupeleka habari kwa nchi nyingine, na kwetu habari hizo hupokewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tukikumbuka hesabu yetu, tuna saa zipatazo 9. Hizo ni nyingi zikitumiwa, na ni bure zikipotea kwa ubishi.

Tano, kila kijiji kikubaliane sauti moja ya kuwaita walio mwambani na kwenye mwani, iwe ngoma, iwe pembe. Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Lakini mbiu isiyokubaliwa kabla ni kelele tu.

Sita, wimbi la kwanza likipita, usishuke kutazama mali. Tsunami huja mara nyingi kwa saa nyingi, na la kwanza si lazima liwe kubwa. Huko Salalah, Oman, mwaka 2004, meli ya urefu wa mita 285 ilikata kamba zake zote bandarini na kuchukuliwa na mikondo, wakati maji yaliyopanda zaidi yalikwisha kupita. Kama mikondo iliweza kuichezea meli hiyo, itafanyaje kwa jahazi au mashua iliyopakia karafuu?

Saba, wataalamu wakileta ramani ya mafuriko katika mkutano, twendeni. Tusiende kusikiliza tu, bali tuwaambie wapi miti imeficha ardhi iliyo chini, wapi bahari huingia siku za bamvua, na wapi mfereji wa zamani umezibwa. Kompyuta yaweza kupiga hesabu zote isipokuwa ile ambayo namba zake haikupewa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA MIKUTANO YA MATAWI

1. Tsunami inapita katika kina cha mita 90. Mwendo wake ni mita ngapi kwa sekunde? Ni kilometa ngapi kwa saa?

2. Kwa nini wimbi la 2004 lingeleta hasara kubwa zaidi kwetu kama lingefika alasiri?

3. Ghala liko nusu mita juu ya alama ya bamvua. Wimbi linaongeza mita 1 na nusu wakati bahari imejaa kabisa. Maji yatasimama kiasi gani ndani ya ghala? Magunia yenu yamelala juu ya kimo gani?

4. Katika eneo la tawi lenu, taja pahali pamoja ambapo miti yaweza kumdanganya mpima urefu wa nchi.

5. Nani katika kijiji chenu ana kazi ya kuwaita walio kwenye mwani? Kama hakuna, mchagueni kabla mkutano haujafungwa.